Bata bukini mwenye mtoto panda, na maswali yenu mengine kuhusu akina baba wa kwenye katuni

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari mitatu minne hivi, kwamba kwenye katuni zote nilizowahi kuangalia baba ninayempenda kuliko wote ni yule bata bukini mpika tambi wa Kung Fu Panda. Sikujua nimefungulia bomba. Maswali yamekuja mpaka basi, mengine ya kucheka, mengine nimeyasoma nikaweka simu pembeni kwanza nikanywa maji. Siwezi kuyajibu yote, nimechukua haya.

SWALI: Dada habari. Mimi nimeoa mwanamke aliyekuwa na mtoto tayari, nilimkuta binti ana miaka miwili na sasa ana saba. Ananiita baba na hajui lolote. Juzi tumekaa wote tunaangalia Kung Fu Panda ya pili, ikafika pale bata anamwambia panda kwamba hakumzaa, alimuokota. Binti akanigeukia akauliza, "Sasa baba, huyu panda hakuona tu mwenyewe kwamba baba yake ni bata?" Nikacheka nikamwambia ndo katuni hiyo. Usiku sikulala dada. Nimwambie au nisimwambie? – Baba wa Binti

JIBU: Kaka yangu, binti yako kauliza swali ambalo sisi wakubwa tulilicheka miaka mitatu mizima. Ile muvi ya kwanza ilitoka 2008 na ndani yake panda mkubwa kama pipa anamwita bata "baba" na hakuna mtu anayesema kitu, watazamaji tunajua, wanakijiji wanajua, ni utani tu unaopita. Halafu 2011 ikaja ya pili na ule ule utani wakaugeuza ukawa kidonda. Ndo maana sini ile inauma, manake ulikuwa unacheka jambo ambalo mwenzio ndani ya stori alikuwa hajaambiwa.

Sasa angalia bata anavyomwambia, hapa ndo nataka ukae na mimi kidogo. Haanzi na hotuba. Haanzi na "mwanangu umeshakuwa mkubwa sasa". Stori yenyewe anaianza na kreti ya figili. Kwamba siku moja alitoka nyuma ya mgahawa kuchukua mboga zake, akakuta kwenye kreti hamna figili, kuna mtoto wa panda mwenye njaa. Akasubiri aone kama kuna mtu atakuja kumchukua. Hakuja mtu. Akamuingiza ndani, akamlisha, akamuogesha, akamlisha tena. Kisha akaamua mambo mawili siku ile ile, kwamba supu yake itapikwa bila figili na kwamba yule mtoto atakuwa wake. Yaani uamuzi mkubwa kuliko yote ya maisha yake kauweka sentensi moja na mambo ya supu. Mimi kila nikifika hapo nacheka na machozi yananitoka kwa pamoja, sijui waandishi wale walifanyaje.

Ninachotaka uone ni kwamba alimpa mtoto kitu cha kushika. Mtoto wa miaka saba ukimwambia "mimi sio baba yako wa kuzaa" umempa shimo. Ukimwambia "nilipokuona mara ya kwanza ulikuwa umevaa kiatu kimoja, kingine umekitupa, ukanipa kipande cha biskuti kilicholowa mate nikakila," hapo umempa stori ambayo yeye yumo ndani na wewe umo. Unayo stori kama hiyo, nina uhakika, hakuna mtu anayekutana na mtoto wa miaka miwili akakosa stori. Anzia hapo. Ile ya nani alimzaa itaingia yenyewe katikati, kwa maneno machache, na atauliza kadri anavyotaka kujua, pengine atauliza swali moja tu halafu aombe juisi.

Na usichelewe kama bata. Hilo ndo kosa lake na muvi hailifichi, alingoja mpaka mtoto kawa jitu zima, shujaa wa kijiji kizima, ndo akaulizwa. Aliogopa. Watu wanaofanya kazi na watoto waliolelewa na wasiowazaa karibu wote wanashauri jambo moja, mtoto aambiwe mapema, kidogo kidogo, kwa lugha ya umri wake, asije akalisikia kwa shangazi mwenye mdomo kwenye msiba. Binti yako ameshafungua mlango mwenyewe, kauliza "hakuona tu?" Sisemi anajua. Nasema watoto wana pua.

Ila kaka, kabla hujafungua mdomo kaa na mama yake kwanza. Hiyo stori ni yake pia, tena ni yake kabla haijawa yako, na kuna mambo ya huyo baba mwingine ambayo yeye ndo anajua yasemwe lini na yasemwe vipi. Msiende kila mtu na toleo lake.

Halafu najua kuna swali la pili hujaliandika. Kwamba akishajua, siku akimtaka yule wa damu itakuwaje. Angalieni ya tatu, ya 2016, ila uiangalie peke yako kwanza. Baba mzazi anatokea, panda kabisa, tumbo lile lile, anakula vile vile, na mtoto anachanganyikiwa kwa furaha. Bata anafanyaje? Anaona wivu, wivu wa wazi kabisa wala hajifichi, halafu mtoto anaposafiri na babake mzazi yeye ndo anajificha, ndani ya mzigo wa chakula! Mzee mzima kajikunja kwenye furushi ili asiachwe. Napenda sana kwamba hawakumchora kama mtakatifu. Baadae ndo anakuja kumwambia yule baba mwenzie kwamba aliogopa kuibiwa mtoto, kisha akaona kumbe yeye hajapungukiwa kitu, mtoto ndo kaongezewa. Na kwenye ya nne, ya 2024, wazee hao wawili wanafunga safari pamoja kumfuata mtoto wao njiani kwa sababu wana wasiwasi naye. Wanagombana njia nzima kama wake wenza hahaha.

Ukishazungumza naye niandikie. Usiponiandikia pia nitaelewa.

SWALI: Nani anafanya sauti ya huyo bata kwa kiingereza? Tumebishana hapa ofisini na kuna soda imewekwa. – Mshindi Mtarajiwa

JIBU: James Hong, Mmarekani mwenye asili ya China, amezaliwa 1929. Yaani muvi ya kwanza inatoka mzee alikuwa karibu na 80, na ya nne inatoka alishapita 90, na sauti bado ile ile ya mtu mwenye haraka ya kuhudumia meza ya saba. Mwaka 2022 ndo wakamuwekea nyota yake kwenye ile njia ya mastaa ya Hollywood, akiwa na miaka 93. Kadai soda yako.

SWALI: Mimi naona mnatukuza tu. Bata hawezi kulea mtoto wa mnyama mwingine, na mbona hamsemi panda mwenyewe ni baba wa namna gani huko porini? Katuni zinadanganya watoto. – Mpenda Ukweli

JIBU: Umeuliza kwa hasira ila umeuliza vizuri, na jibu linaweza kukukera kidogo.

Tuanze na panda. Porini panda dume hana habari na mtoto, kabisa. Wakishapandana kila mtu na njia yake, jike analea peke yake, na mtoto anazaliwa kiduchu, kama gramu 100 hivi, mama ana uzito unaoweza kufika mara mia tisa ya huo. Dume hayupo. Kwa hiyo yule panda wa muvi ya tatu anayefunga safari kumtafuta mwanae ndo uongo wenyewe, uongo mtamu, lakini uongo.

Bata bukini sasa. Bukini wanakaa wawili wawili, mara nyingi miaka mingi na mwenza yule yule. Jike anaatamia, dume anasimama karibu na kiota kutwa nzima anatoa shingo na kuzomea kila kinachopita, mbweha, mbwa, mtu, hata baiskeli. Mayai yakianguliwa wanatembea msururu, mzazi mmoja mbele mwingine nyuma, vifaranga katikati. Aliyewahi kufukuzwa na bukini dume anajua ninachosema, mimi nilikimbia na kiatu kimoja na sioni aibu.

Na kulea wa wengine? Wanafanya sana. Kuna aina za bukini ambao unaweza kukuta wazazi wawili wana msururu wa vifaranga ishirini, thelathini nyuma yao, wengine wao wengine wa majirani, wamechanganyika na hakuna anayehesabu. Kikubwa zaidi ni vifaranga wenyewe. Konrad Lorenz, yule mtafiti wa Austria aliyepata tuzo ya Nobel 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwamba kifaranga wa bukini akitoka kwenye yai anamshika kama mzazi yule anayemuona anatembea mbele yake saa za mwanzo, basi. Vifaranga wa Lorenz walimfuata yeye, mwanaume mwenye ndevu, mpaka majini wakaogelea naye. Hawakumuuliza mbona huna manyoya.

Kwa hiyo bukini kumlea panda haijawahi kutokea, nakupa hiyo. Lakini waliomchagua bukini kuwa baba mlezi na panda kuwa aliyeachwa, sijui kama walikusudia, walipatia.

SWALI: Dada mimi mwanangu wa miaka sita kamwambia baba yake mezani, "Natamani ungekuwa bata." Mume wangu amenuna siku ya tatu leo, anasema katuni zimemharibu mtoto na anataka kuondoa kabisa. Anafanya kazi kutoka asubuhi mpaka usiku kwa ajili yetu, na mtoto anamwona hafai. Nifanyeje? – Mama Katikati

JIBU: Pole mama, na mpe shemeji pole yangu pia, kuambiwa hivyo mbele ya sahani inauma. Ila mwambie asome hii.

Yule bata anafanya kazi kutwa. Ndo kitu ambacho watu hawakioni. Hebu rudia muvi uangalie mikono yake tu, usiangalie kingine. Mkono mmoja una upawa, mwingine una bakuli, anapita katikati ya wateja, anafuta meza, anamwita mtoto, anapakua, anarudi jikoni. Ni nadra kumuona amekaa kitako anacheza na mwanae. Upole wake wote unapita ndani ya kazi, anaongea na mtoto huku anakata mboga, anampa ushauri huku anafunga mgahawa. Akina baba wengine wapole wa kwenye katuni wanachorwa wakubwa, wa mviringo, sauti nzito, wanainama kumfikia mtoto na wewe unayeyuka. Huyu ni mfupi, mwembamba, shingo kama kijiti, na mtoto wake akimkumbatia anapotelea tumboni. Inabidi atazame juu kuongea na mwanae. Hana ukubwa wa kutuonyesha, ana bakuli la supu tu.

Kwa hiyo mtoto akisema natamani ungekuwa bata, hasemi natamani usifanye kazi. Muulize, tena aulize baba mwenyewe, na aulize bila sauti ya mahakama, "Bata anafanya nini ambacho mimi sifanyi?" Nakuhakikishia jibu litakuwa dogo la kuchekesha. Mpwa wangu tulimuuliza hivyo hivyo akasema bata anavaa aproni. Aproni! Baba yake akanunua aproni, sasa Jumapili wanachoma mayai pamoja, mayai yenyewe yanaungua, lakini hayo ni ya kwao.

Na umwambie shemeji kitu kingine cha kumfariji, bata sio baba kamili hata kidogo. Muvi ya kwanza inaanza mtoto anaota ndoto ya kung fu, anaamka, baba anamuuliza ulikuwa unaota nini, mtoto anaogopa kusema ukweli anadanganya kwamba ameota tambi. Lo, bata anavyofurahi! Anaona mtoto amefikia umri, ukoo unaendelea, mgahawa umepata mrithi, anamvisha aproni pale pale. Mpole, ana upendo, na hasikii. Yaani mtoto yuko mbele yake anakufa na siri na yeye anashangilia tambi. Mimi hiyo sini huwa inanikumbusha wazazi wengi wazuri sana ninaowajua, watu wasiopiga, wasiotukana, wanaokupa kila kitu isipokuwa nafasi ya kusema sitaki.

Na bado huyo huyo asiyesikia ndo anayemuokoa. Mtoto anarudi kashindwa, kakata tamaa, na bata akijaribu kumfariji anamtolea siri ya supu ya ukoo ambayo kaificha miaka yote, kwamba hakuna kiungo cha siri. Hakuna kitu. Ni supu ya kawaida, inakuwa ya pekee kwa sababu watu wanaamini ni ya pekee. Mtoto anakitumia hicho kuelewa fumbo ambalo bwana wake wa kung fu mwenyewe lilimshinda. Bata hajui hata amefanya nini, anaendelea kusukuma mkokoteni wake.

Katuni msiondoe. Mkiondoa mtoto atajua kwamba akisema kitu cha kweli mezani anaadhibiwa, na kesho ataota tambi.

SWALI: Naomba nisitajwe. Mimi ni baba mpole sana, sina sauti, watoto wangu watatu hawanisikii wananipanda kichwani. Rafiki zangu wananiambia nyumba inataka simba. Je upole ni udhaifu? – Asiye Simba

JIBU: Kwanza hao rafiki zako hawamjui simba. Simba dume wa kweli kazi yake kubwa ni kulinda eneo na kundi, nyama wanaleta zaidi majike, na dume jipya likishinda kundi kwa kawaida linaua watoto wa yule aliyetangulia ili majike wawe tayari kuzaa naye haraka. Huyo ndo unataka awe mfano nyumbani? Ukitaka jitu la kutisha la kuiga, iga gorila. Dume kubwa lenye mgongo wa fedha, uzito unaweza kuzidi kilo 150, nguvu ya kuvunja mti, na vitoto vinamparamia vinamvuta nywele akiwa amelala na yeye anaguna tu. Na mama wa kitoto akifa, mara nyingi ni huyo huyo dume anayekiacha kilale karibu yake. Lakini akiinuka na kukohoa kidogo, kundi zima linatulia.

Hicho kikohozi ndo unachokosa wewe, sio mngurumo. Na nikuambie ukweli kaka, nimesoma barua yako yote ndefu (hapa nimeikata) na sijaona upole mahali pengi, nimeona mtu anayesema "hapana" saa mbili, saa mbili na robo anasema "haya basi", saa mbili na nusu analalamika hasikilizwi. Watoto wanakusikia vizuri sana, wameshajifunza kwamba hapana yako inaisha baada ya robo saa. Chagua mambo mawili tu wiki hii, kulala na simu, uyasemee kwa sauti yako hiyo hiyo ya chini, na usiyarudie kuyajadili. Wakilia waache walie ukiwa umekaa nao pale pale, usikimbilie chumbani. Siku tatu za kwanza zitakuwa mbaya. Ya nne njoo uniambie.

SWALI: Naitwa mimi nina miaka 9 naandika kwa simu ya mama. Nataka kujua mnyama gani wa KWELI ni baba mzuri kuliko wote duniani sio wa katuni. Asante.

JIBU: Hujaandika jina ukasema "naitwa mimi", nimekupenda tayari.

Wapo wengi wanaogombea. Kuna farasi bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama farasi, baba ndo anabeba mayai kwenye mfuko wa tumboni mpaka watoto watoke. Kuna emu, ndege mrefu wa Australia asiyeruka, baba anaatamia kama wiki nane na karibu hali kitu.

Lakini mimi namchagua pengwini mkubwa wa Antaktika. Mama anataga yai moja, anampa baba, anaondoka kwenda baharini kutafuta chakula. Baba analiweka yai juu ya miguu yake, analifunika na ngozi ya tumbo, anasimama. Anasimama siku kama 65, gizani, kwenye upepo na baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 40 hasi, hali chochote, akiona kiu anakula theluji. Ukijumlisha na siku alizokuwa anasubiri kabla ya yai ni karibu miezi minne bila chakula. Wanasimama akina baba wote wamebanana kama watu kwenye basi, wa nje wanasogea ndani wa ndani wanatoka nje kidogo kidogo ili kila mtu apate joto. Na kama mtoto akianguliwa kabla mama hajarudi, baba mwenye njaa ya miezi minne anatoa kooni kitu cheupe kama maziwa anamlisha.

Kisha mama anarudi, anamtambua mumewe kwa sauti katikati ya maelfu, anataka mtoto wake. Baba sasa ni zamu yake kwenda kula, bahari inamsubiri, amekonda. Na wakati mwingine hataki kumtoa. Mama anaita, baba anaangalia miguu yake, mtoto yuko pale chini ya tumbo, na wanasimama hivyo kwa muda.